Kwao ni Kwetu

Sisi watu wa kwetu tuna dawa moja ya kila ugonjwa, nayo ni kikao. Mtu amempiga mkewe, kikao. Ng'ombe wa jirani amekula mahindi, kikao. Hata tulipovuka maji tukaja Saudia kuendesha magari ya watu na kulea watoto wasio wetu, tulibeba vikao vyetu ndani ya mabegi pamoja na unga wa wimbi. Mimi Alfayo sivipendi, na nitasema kwa nini. Nikikasirika njiani mnivumilie, maana hasira hii bado haijapata pa kwenda.

Shirleen na mimi tulikuwa na bosi mmoja. Mimi nilikuwa dereva wa nyumba, yeye alipika, alifua na kulea watoto wanne wa madam. Yeye ni wa Khwisero, mimi natoka upande wa Kitale, basi aliniita Baba Lois kwa jina la binti yangu na kunihesabu kaka mkubwa. Alikuwa na mtoto mmoja, Maryann, aliyemwachia mama yake akiwa ndio kwanza anajifunza kusimama. Mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba ya mwaka 2019, na kila alichokifanya kilielekea hiyo Desemba. Akimnunulia mtoto viatu, hakuuliza mtoto ana mguu gani sasa. Aliuliza atakuwa na mguu gani Desemba. Nilimcheka sana kwa hilo.

Jackton tulimkuta Riyadh. Wakati huo nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Malaz, naye alikuwa mlinzi wa jengo la barabara ya pili. Mtu akamwambia Shirleen, kuna kijana wa kwenu hapa, hata kanisa lenu ni moja. Ukiwa ugenini, mtu wa kwenu unampa namba ya simu kabla hujamtazama usoni vizuri. Shirleen akampa.

Mwanzoni zilikuwa salamu na habari za mvua ya nyumbani. Halafu zikaanza sauti za usiku kwenye WhatsApp, kisha picha ambazo siwezi kuzieleza mbele ya watu. Shirleen akamzuia, akaja na laini nyingine. Akamzuia tena, akaja na ya tatu. Jioni, Shirleen akitoka kutupa taka, alimkuta amesimama mbele ya bakala, duka dogo la ng'ambo ya barabara, anamfanyia ishara za mikono na ulimi huku akicheka.

"Mimi simtaki, Baba Lois," aliniambia siku moja nikiosha gari. "Nimemwambia kwa Kiswahili. Nimemwambia kwa Kiluhya. Sijui imebaki lugha gani."

Mapema mwaka 2018 baba wa nyumba alihamishiwa kazi Jeddah, na nyumba nzima ikahama naye. Shirleen aliimba njia nzima, watoto wakiitikia kwa Kiluhya wasichokijua. Alidhani amemwacha mtu Riyadh. Lakini kabla ya Ramadhani kufika, tulikwenda kusali mtaa wa Bani Malik, kwenye chumba cha mzee Onesmus. Ijumaa tulikutana pale watu wa kwetu, mapazia yamefungwa, viatu tumeviingiza ndani ili jirani asivihesabu, nyimbo tunaziimba kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Mlango ukagongwa, akaingia Jackton na kitabu cha nyimbo mkononi. Alikuwa ameiomba kampuni yake ya ulinzi imhamishie Jeddah. Shirleen alikaa nyuma yangu mpaka ibada ikaisha, na nilimsikia anavyopumua.

Nilisema hadharani siku hiyo hiyo. Nikasema huyu kijana anamfuata dada yetu toka mji hadi mji na anamtumia uchafu. Sasa ungetegemea nini? Wakaita kikao.

Onesmus alikuwa mwenyekiti, mtu wa makamo aliyelinda ghala la saruji na aliyeheshimiwa kwa sababu aliwahi kuwa mzee wa kanisa nyumbani. Alimpa Jackton nafasi ya kusema. Jackton akasema anampenda Shirleen, hali chakula wala halali usiku, na akatoa machozi mawili matatu. Alikuwa na uso mzuri wa kusikitisha, lazima niseme ukweli. Wanawake wawili wakaguna kwa huruma.

"Mama, unasemaje?" Onesmus akamuuliza Shirleen.

"Simtaki, mzee. Namuogopa."

"Wasichana wote husema hivyo mwanzoni," Onesmus akasema, na watu wakacheka. "Hata mama watoto wangu alinikimbia mpaka ndani ya mto. Sasa sikia, Jackton. Kosa lako ni njia. Mambo ya picha na simu ni ya kihuni, acha. Mwanamume akimpenda binti ya watu, anafuata wazee, anakwenda kwao, anabisha hodi. Siku ukifika nyumbani, uende kwa mama yake kama mtu mwenye adabu. Na wewe Shirleen, yaliyopita si ndwele. Peaneni mikono."

Nikasimama nikawaambia kwamba msichana amesema anamuogopa, na nyinyi mnamwelekeza mtu huyo nyumba ya mama yake. Onesmus akaniambia nikae, nina moto wa bure. Sikukaa. Nilichukua viatu vyangu nikatoka, na huko nje nikakumbuka kwamba Shirleen yuko ndani na gari ninalo mimi, ikabidi nisubiri kwenye ngazi. Aliposhuka alikuwa anaupangusa ule mkono aliopeana na Jackton kwenye abaya lake.

Katikati ya mwaka ule nchi ilitoka na sheria mpya. Sisi madereva masikio yetu yote yalikuwa kwa ile habari ya wanawake kuruhusiwa kuendesha magari, maana hiyo ilitugusa tumboni. Hii nyingine ya taharush, yaani mtu kumnyanyasa mwenzake kwa maneno au vitendo vya aibu, ilitupita. Madam aliisikia. Madam hakuwa malaika, aliweza kupiga kelele nusu saa kwa sababu ya shati lisilopigwa pasi, lakini alisoma magazeti na kukumbuka alichosoma.

Jioni moja baada ya alasiri Shirleen alikwenda kutupa taka. Jackton alikuwa amejibanza nyuma ya pipa. Alimshika kiuno akamvuta, akapitisha mkono alikopitisha. Shirleen akapiga ukelele, na madam akaona yote kutoka dirishani. Mimi nilifika mbio, Jackton amekwisha kukimbia. Ndani ya nyumba madam akaitaka simu ya Shirleen. Akasikiliza sauti za lugha asiyoielewa, akaona picha ambazo hazihitaji lugha. Akavaa abaya.

"Yalla, Alfayo. Gari," akasema.

Kituoni nilikuwa dereva na nikawa mkalimani. Kiarabu changu ni cha barabarani, cha kushoto, kulia na mafi parking, yaani hakuna maegesho, nikalazimika kubeba nacho mambo ya aibu ya dada yangu mbele ya wanaume. Shirleen aliogopa kwamba yeye ndiye atakayefungwa. Tumesikia mengi ya hivyo. Lakini yule afisa, kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, alituelezea kwa upole na polepole ili niweze kumfuata.

Alisema sheria haichagui chombo. Neno, ishara, kugusa, ujumbe wa simu, yote ni kosa moja kama yana ile maana chafu. Alisema kosa lenyewe lina madaraja. La kawaida, mtu anaweza kufungwa hadi miaka miwili, au kutozwa faini kubwa, au vyote. Likipanda, kama aliyenyanyaswa ni mtoto, au mkosaji ana mamlaka juu yake, au yametokea mahali pa kazi, au mkosaji aliwahi kuhukumiwa kwa kosa hilo, kifungo kinaweza kufika miaka mitano. Akatuuliza kama Jackton alikuwa mkubwa wake wa kazi. Hapana. Waliajiriwa pamoja? Hapana. Basi, akasema, hili ni la daraja la kwanza. Akatuonya pia kwamba anayezua kesi ya uwongo sheria hiyo humgeukia yeye. Shirleen akasema yuko tayari kuapa kwa Biblia, nikaacha kulitafsiri hilo.

Nilijisikia vizuri, sitaficha. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amelipa jambo lile jina lake. Si mapenzi, si uhuni wa ujana, si njia iliyokosewa. Kosa.

"Muulize akimaliza kufungwa atakuwa wapi," Shirleen akasema.

Nikauliza. Afisa akatabasamu, akidhani anamfariji. Akasema mgeni akihukumiwa hivyo, akimaliza hurudishwa kwao na hataingia tena. "Mwambie asiogope. Hatamwona tena katika nchi hii. Halas, yamekwisha."

Nikatafsiri kwa majivuno. Shirleen hakutabasamu. Alinitazama kama mtu niliyemletea taarifa ya msiba.

"Kwao ni kwetu, Baba Lois," akasema. "Mwambie. Kutoka kwao mpaka kwa mama ni kuvuka daraja tu."

Nikamwambia afisa. Akafikiri, akasema kwamba hilo amelielewa, lakini sheria yao inaishia uwanja wa ndege. Madam alikuwa ameketi pembeni akihimiza, na Shirleen akatia alama ya kidole gumba kwenye maelezo yake. Usiku huo huo Jackton akakamatwa Bani Malik.

Watu wa Ijumaa walilia. Walinipigia simu kama vile mimi ndiye niliyemfunga pingu. Eti mtoto wa wenyewe ataozea jela ya Waarabu kwa jambo ambalo wazee walikwisha kulimaliza. Onesmus akataka kuja na wenzake wawili kumwombea Jackton msamaha, na kwa kuwa hawawezi kuingia nyumba ya madam, nikawapigia kutoka garini kwa sauti ya nje, Shirleen akiwa kiti cha nyuma.

"Nimemsamehe, mzee," Shirleen akasema kabla hawajamaliza utangulizi. "Nataka kuondoa kesi."

Upande wa pili walishangilia. Onesmus aliomba sala ndefu, akamshukuru Mungu kwa moyo wa huyu binti, akamfananisha na mtu aliyegeuza shavu la pili. Nilizima simu nikamgeukia nikiwa nimekasirika. Nikamuuliza ameingiwa na nini.

"Sijamsamehe," akasema. "Sitamsamehe. Lakini huku nina geti, Baba Lois. Nina madam, nina wewe. Kule yuko mama na Maryann na mlango wa kufungwa kwa kamba. Heri abaki huku anifuate mimi."

Nimewahi kuona watu wenye hofu, lakini sikuwahi kumwona mtu anayejipanga mwenyewe mbele ya hofu ili isipite kwenda kwa wengine.

Tukarudi kwa watu wa kesi, safari hii madam akiwa amenuna kwa sababu hakuelewa. Tukaambiwa kwamba katika jambo kama hili kuna haki mbili. Ya kwanza ni yake, na hiyo anaweza kuiacha akipenda. Ya pili ni ya umma, na hiyo hakuna aliyempa yeye, kwa hiyo hawezi kuirudisha. Kesi itaendelea. Lakini msamaha wake umeandikwa, wakasema, na huenda hakimu akautazama.

Hakimu aliutazama. Jackton angeweza kupata miaka miwili, ambayo ingemweka ndani mpaka Shirleen amekwisha kufika nyumbani, kumchukua mtoto na kupanga maisha mahali pengine. Kwa ajili ya ule msamaha alipata miezi michache. Ilipofika katikati ya mwaka 2019 akapandishwa ndege, yeye aliyehukumiwa, akaenda nyumbani. Aliyekosewa akabaki Jeddah kuosha vyombo.

"Mwambie mama yako," nilimsihi. "Mwambie yote."

"Mama ana presha."

"Basi mwambie nusu."

Akamwambia nusu. Akasema kuna mtu anaitwa Jackton, akija asiingie nyumbani. Mama yake, Mama Selipher, akauliza amefanya nini. Na hapo, jamani, mtoto wa kike wa kwetu atamwambia nini mama yake mzazi? Yale maneno hayasemeki kwa mama. Alisema tu kwamba ni mtu mbaya. Mama akasema sawa, akahamia habari za maharagwe.

Miezi ikapita bila neno, nasi tukaanza kupumua. Mwisho wa Novemba madam alimpa ruhusa akanunue vitu vya safari, nikampeleka maduka ya Baghdadiyah. Alikuwa amechagua sanduku la bluu lenye magurudumu, analivuta dukani mbele na nyuma kulijaribu, anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu Riyadh. Simu ikaita. Alikuwa mama yake, naye akaiweka sauti ya nje ili nisalimie.

"Mwanangu, leo tumepata wageni," Mama Selipher akasema, na sauti yake ilijaa sherehe. "Mbona ulituficha? Jackton amekuja na wazee wao. Ameleta mtamba, sukari na blanketi langu. Titus ndugu yako amempokea."

"Mama, nilikwambia asiingie."

"Hakuingia bure, alibisha hodi. Anasema wazee wa huko Jeddah ndio waliomwelekeza afuate njia. Na ametueleza yote, hakuficha. Kwamba mligombana, akafungwa kwa ajili yako, na wewe mwenyewe ukamsamehe mbele ya watu. Nimemuuliza Titus, tumeona wanaume wangapi wa kufungwa kwa ajili ya mwanamke? Baba yako hakulala hata kituo cha polisi kwa ajili yangu."

"Mama, alinishika. Alinishika kwa nguvu."

Duka zima nililiona limesimama, ingawa watu walikuwa wananunua kama kawaida.

"Wanaume wana haraka," mama akasema, taratibu. "Ndiyo maana kuna mahari. Sasa amekuja na adabu. Tangu mwezi jana alikuwa akija peke yake kila siku, amenirekebishia jiko. Hata Maryann amemzoea, anamwita baba."

Shirleen akakata simu. Hakulia. Alilirudisha lile sanduku mahali lilipokuwa, akalinyoosha mpini ukae kama ya wenzake.

Mimi ndiye niliyehangaika. Nilimpigia naibu wa chifu wa kwao, nikajieleza mpaka jasho. Mzee yule alinisikiliza kwa heshima, akasema kosa la Saudia amelilipia Saudia. Hapa, akasema, kijana ameleta ng'ombe mchana kweupe na wazee wamekula, niandike kosa gani? Nikampigia Onesmus. Akafurahi. Akasema unaona sasa, Alfayo, Mungu ametengeneza. Nilimwambia maneno ambayo hayafai kuambiwa mtu wa umri wake, na tangu siku hiyo sijakanyaga kile chumba cha Bani Malik.

Nikamrudia Shirleen. "Nenda ukakatae," nikamwambia. "Nenda, mchukue mtoto, uondoke."

"Nikatae mbele ya nani?" akaniuliza. "Mbele ya kikao?"

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi nilikuwa juu ya ardhi nikitoa ushauri.

"Ananitaka mimi, si mtoto," akasema baadaye, tukiwa tumesimama kwenye foleni ya magari. "Nikienda, hatatoka pale maisha yake yote. Nisipokwenda, labda atachoka. Akichoka ataenda zake." Alisema lile labda mara nyingi.

Jioni aliniomba niingie naye kwa madam, kwa sababu alitaka jambo hili lisemwe vizuri. Madam alikuwa sebuleni na watoto. Nikasema Shirleen anaomba mkataba wa miaka miwili mingine. Madam aliinuka akamkumbatia, jambo ambalo sikuwahi kuliona katika nyumba ile. Watoto wakaruka juu ya makochi. Yule mdogo kabisa alimshika Shirleen mguu akakataa kuuachia.

Halafu madam akakumbuka, akaacha kucheka. Akaniambia nimuulize kuhusu binti yake. Miaka yote hii alikuwa anahesabu siku za kumwona. Atakaa na nani?

Nikamuuliza. Shirleen alikuwa anamtazama yule mtoto aliyemkumbatia mguu, anamchezea nywele.

"Mwambie mtoto ana baba sasa," akasema.

Nilikisaka Kiarabu cha kueleza mengine, sikukipata. Nikayasema kama yalivyosemwa, na madam akaweka mkono kifuani akasema alhamdulillahi.